Kiangazi katika Chuo cha Decorah

Mtu asomaye vitabu vya Ulaya na Marekani hukuta mara kwa mara habari za majira manne ya mwaka, naye hudhani kwamba kiangazi cha huko ni kama kiangazi chetu. Sivyo. Kwetu kiangazi ni wakati wa ukavu, nyasi zimenyauka, ng'ombe wamekonda, na vumbi limejaa njiani. Katika nchi za kaskazini kiangazi ndio wakati wa joto, lakini mvua hunyesha pamoja na ngurumo kubwa, na nchi yote huwa kijani. Nalikaa kiangazi kimoja, cha mwaka 2023, katika mji mdogo wa Decorah, jimbo la Iowa, Marekani. Napenda kuwaeleza niliyoyaona katika chuo cha huko, hasa habari za watu wake wa kazi. Kwa maana habari za wakuu na za wanafunzi mtazikuta katika vitabu vingi, bali za watu wa kazi huandikwa kidogo sana.

Sababu ya safari yangu ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Alisoma katika chuo kile miaka minne, akajifunza elimu ya mimea na wanyama, na alipomaliza akaajiriwa katika kikosi cha watunza viwanja. Habari hii ilipofika nyumbani watu wakanung'unika. "Amevuka bahari ili asome," wakasema, "na sasa anakata nyasi!" Dada yangu hakunena neno, lakini siku moja aliniita akaniambia, "Wewe umekwisha kustaafu ualimu, na nauli mtoto ameileta. Nenda ukamtazame kwa macho yako, kisha uje uniambie kweli." Basi nikaenda.

Chuo chenyewe chaitwa Luther. Kilianzishwa mwaka 1861 na wahamiaji kutoka Norwei, watu wa Kanisa la Kilutheri, waliokuwa wamejaa katika sehemu zile wakilima, nao hawakuwa na wachungaji wa kuwatosha. Mwanzo wake ulikuwa mdogo: nyumba ya mchungaji katika jimbo la Wisconsin, wanafunzi 16 na walimu wawili. Mwaka uliofuata wakahamia Decorah, na mwaka 1865 wakafungua jengo lao kubwa juu ya kilima. Jengo hilo liliungua moto mwaka 1889, wakajenga jingine. Nalo likaungua mwaka 1942. Mkuu wa kwanza, Laur. Larsen, alishika kazi yake miaka 41, tangu 1861 mpaka 1902. Wasichana walikubaliwa mwaka 1936. Hata leo ni chuo kidogo, na mji nao ni mdogo, kiasi cha mtu kuutembea wote kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Mto uitwao Upper Iowa unapita hapo, na kandokando yake yamesimama majabali meupe ya mawe ya chokaa. Jina la mji ni la Waukon Decorah, mkuu mmoja wa watu wa Ho-Chunk, waliokuwa wakikaa katika nchi ile. Serikali ya Marekani iliwahamisha watu hao mwaka 1848; jina limebaki, wenyewe waliondolewa.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni urefu wa siku. Mwezi wa Juni jua hutoka yapata saa kumi na moja na nusu ya alfajiri, na halichwi mpaka karibu saa tatu ya usiku. Jioni ya kwanza nalikaa barazani nikingoja giza ili nile, kama ilivyo desturi yangu, na mpwa wangu akacheka, akasema, "Mjomba, ukingoja giza utalala na njaa." Jambo la pili ni mahindi. Nalidhani ya kuwa sisi ndio walaji na walimaji wa mahindi, lakini huko Iowa mashamba ya mahindi na ya soya yameenea mpaka macho yachoke, na humwoni mtu shambani ila mashine tu. Tena mahindi yale mengi si chakula cha watu. Hulishwa nguruwe na ng'ombe, au hutengenezwa kuwa spiriti ya kutiwa katika mafuta ya magari. Mzee mmoja wa kwetu nilipomweleza jambo hili alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama wale watu wana afya.

Wanafunzi huondoka mwezi wa Mei. Mwenye kupita nje ya chuo wakati huo hudhani kwamba kimelala, lakini ndipo kazi ianzapo. Mabweni yote hufunguliwa na kusafishwa, chumba kwa chumba. Magodoro hutolewa yakakaguliwa, kuta zilizotobolewa misumari huzibwa na kupakwa rangi, na sakafu husuguliwa mpaka nta ya zamani iishe, kisha hupakwa nta mpya mara tatu au nne. Kati ya mara moja na nyingine hapana ruhusa ya mtu kukanyaga. Nalimwona bwana mmoja amekaa juu ya ngazi akilinda sakafu iliyokuwa ikikauka kama mkulima alindaye mpunga na ndege. Na vitu vilivyosahauliwa na vijana! Viatu vizima, taa, vitabu vya bei kubwa, makoti ya baridi, na soksi ya mguu mmoja mmoja zisizo na idadi. Wanawake wawili walikuwa na kazi ya kuvipanga, na vilivyo vizuri hupelekwa katika duka la vitu vya mitumba. Mmoja wao aliniambia kwamba humjua kijana kwa vitu aviachavyo kuliko mwalimu wake amjuavyo kwa mitihani.

Nami nilifuatana na mpwa wangu kazini siku nyingi. Kukata nyasi kulikuwapo, sikatai. Lakini kazi yake hasa ilikuwa miti. Viwanja vya chuo kile vilichorewa mpango mwaka 1911 na Jens Jensen, fundi wa bustani aliyezaliwa Denmark, naye alipenda miti ya asili ya nchi ile, hasa mialoni. Basi miti ile huangaliwa kama watu wazima waangaliwavyo katika mji. Lakini katika Marekani umeingia mdudu mmoja mdogo, rangi yake kijani yenye kung'aa kama shaba iliyosuguliwa, asili yake Asia. Alionekana mara ya kwanza katika jimbo la Michigan mwaka 2002, na Iowa alionekana mwaka 2010. Mdudu huyo hudhuru hasa mti uitwao ash. Watoto wake hutoboa chini ya ganda na kukata njia za maji ya mti, na mti hufa kwa miaka michache. Mamilioni kwa mamilioni ya miti imekufa kwa ajili yake. Mpwa wangu alinionyesha mti mmoja wa namna hiyo, mkubwa, matawi ya juu yamekwisha kukauka, na chini yake tundu ndogo ndogo zenye umbo la herufi D, ambazo mdudu hutokea. Alisema, "Huu tutaukata wiki ijayo." Kisha akanipeleka hatua kama ishirini kutoka pale, akanionyesha mche wa mwaloni usiofika kiuno changu, umezungushiwa wavu ili sungura wasiutafune. Alikuwa ameuotesha mwenyewe kwa mbegu aliyoiokota pale pale chuoni alipokuwa mwanafunzi. Nikauliza utachukua muda gani hata uwe mkubwa kama ile mingine. Akajibu kwamba huenda miaka themanini. Sikuuliza tena habari ya kukata nyasi.

Katikati ya Juni utulivu ukaisha, maana waliingia watoto wa muziki. Chuo kile kina sifa kwa uimbaji. Kwaya yake iitwayo Nordic Choir iliongozwa na Weston Noble tangu mwaka 1948 hata 2005, yaani miaka 57, naye alikufa mwaka 2016. Kila kiangazi watoto wa shule huja kwa kambi ya muziki iitwayo Dorian. Hukaa katika mabweni kama wiki moja, wakajifunza kuimba na kupiga fidla, tarumbeta, filimbi na kinanda. Siku ya kwanza kelele yake haina mfano. Kila kichaka kina mtoto apigaye tarumbeta peke yake, na kindi wa miti ile walikimbilia juu kabisa. Lakini siku ya mwisho walipokusanyika kupiga pamoja mbele ya wazazi wao, nilistaajabu jinsi makelele yale yalivyokuwa kitu kimoja. Kando yangu alikaa mpishi wa chuo, bado amevaa aproni, mikono imekunjwa. Akaninong'oneza kwamba mtoto yule wa tatu kutoka kushoto, apigaye fidla, hakula neno lolote siku mbili za kwanza kwa kulilia nyumbani, hata wakamkaangia mayai peke yake.

Sasa nitaeleza habari za ubao. Mlangoni mwa karakana palikuwa na ubao wa matangazo, na juu yake habari za watu wa kazi zilibandikwa kila Jumatatu. Kwa kuwa nalikuwa mgeni bila kazi, naliusoma kila siku kama gazeti, na baada ya majuma matatu nikawajua watu wengi ambao sikupata kuwaona. Fulani wa chumba cha nguo amepata mjukuu, jina lake na uzito wake vimeandikwa. Mwalimu wa historia anakwenda Norwei mwaka mzima, anatafuta mtu wa kumtunzia paka wake. Mume wa mwanamke mmoja wa jikoni amefariki. Na chini ya tangazo hilo ilitundikwa karatasi yenye mistari, ambayo watu waliandika majina yao, nani atapeleka chakula siku gani, mpaka mwisho wa mwezi. Karatasi ile ilijaa siku ile ile. Nasema hivi kwa sababu watu wengi kwetu husema kwamba Wazungu hawana msiba wa pamoja, kila mtu hulia na mlango wake umefungwa. Ni kweli kwamba hawakeshi matangani kama sisi, wala hawaketi chini siku tatu. Lakini chakula walipeleka.

Na siku moja ikabandikwa habari ya kustaafu kwa fundi seremala. Mzee huyu alikuwa amefanya kazi katika chuo kile miaka 38. Wakaandaa kahawa na keki, na watu wote wakaja, wapishi na makarani na walimu waliokuwapo, hata mkuu wa chuo. Mkuu alinena maneno mazuri na mafupi, kisha mzee akaombwa aseme neno. Akasimama, akatoa mfukoni tita la funguo, kubwa kama ngumi mbili, akaliweka mezani. Akasema, "Mlango wa ghorofa ya tatu katika jengo la muziki lazima uuinue kidogo kabla ya kuusukuma. Dirisha la kaskazini katika maktaba lisifunguliwe wakati wa mvua. Ngazi ya nyuma ya kanisa, kidato cha sita, nimekitengeneza mara nne, nacho kitalegea tena." Akaendelea hivyo kama dakika kumi, mlango kwa mlango, na vijana wawili waliopewa kazi yake wakaandika mbio mbio. Kisha akala keki. Katika maisha yangu ya ualimu nimesikia hotuba nyingi za kuaga, nami mwenyewe nimetoa moja, lakini ile imenikaa kichwani kuliko zote.

Mwisho wa Julai mji wote hufanya sikukuu ya Kinorwei iitwayo Nordic Fest, iliyoanza mwaka 1967. Watu huvaa mavazi ya mababu zao, hupita kwa maandamano, hushindana kurusha mawe mazito, tena hushindana kula samaki mmoja mkavu aliyelowekwa katika maji ya magadi makali mpaka akawa laini kama utelezi. Mimi nalionja mara moja. Bali kuna mkate wao uitwao lefse, mwembamba, wa viazi, huchomwa juu ya chuma bapa, nao ni ndugu wa chapati kabisa. Hupakwa siagi na sukari na kukunjwa. Mama aliyekuwa akiuuza aliniuliza kama nimepata kuuona kabla, nikamwambia kwamba kwetu hula wa namna hiyo kwa maharage. Akatafakari sana.

Katika sikukuu hiyo ndipo nilipozoeana na mwanamke mmoja karani, ambaye ndiye hasa aliyenifanya niandike habari hizi. Alikuwa ameajiriwa kwa kiangazi tu, kuandikisha watoto wa kambi na kutafuta mizigo iliyopotea. Alikuwa mwepesi kazini na mpole, lakini nalimwona kila Jumatatu akisimama mbele ya ubao muda mrefu kuliko watu wote, naye alikuwa mgeni kama mimi, hamjui hata mmoja. Tulipokaa pamoja kivulini nikamwuliza sababu. Akaniambia kwamba alifanya kazi miaka 22 katika chuo kingine kidogo cha kanisa, na chuo hicho kimekufa. Jina lake silitaji, maana alinisimulia kama mtu amsimuliavyo mzee.

Jambo hilo si la mahali pamoja tu, na yaliyotokea mahali pengine yanajulikana wazi. Katika jimbo lile lile la Iowa, mji wa Mount Pleasant, palikuwa na chuo cha Kanisa la Methodisti, Iowa Wesleyan, kilichoanzishwa mwaka 1842, miaka minne kabla ya Iowa kukubaliwa kuwa jimbo la Marekani. Hapo alisoma Belle Mansfield, aliyemaliza mwaka 1866, na mwaka 1869 akawa mwanamke wa kwanza katika Marekani kukubaliwa kuwa mwanasheria. Hapo tena alisoma James Van Allen, mwenye elimu ya maumbile, aliyegundua mwaka 1958 mikanda ya miali iizungukayo dunia, nayo yaitwa kwa jina lake. Chuo hicho kilitangaza mwezi wa Machi 2023 kwamba kitafungwa, na mwisho wa Mei mwaka huo huo kikafungwa. Mwaka huo ulikuwa mwisho wa chuo cha Finlandia pia, katika jimbo la Michigan, kilichoanzishwa na Walutheri wa Kifini mwaka 1896. Sababu zake ni nyingi zikafungamana: watoto wanaozaliwa wamepungua, gharama zimepanda, vyuo vikubwa vya serikali vyawavuta vijana, na madeni hayangoji. Chuo kikubwa kikipoteza wanafunzi mia hakishtuki. Kidogo kikipoteza mia, walimu kumi hukosa kazi.

Na mwaka uliofuata, 2024, ilikuwa zamu ya Birmingham-Southern, chuo cha Wamethodisti katika jimbo la Alabama. Siku yake ya mwisho ilikuwa tarehe 31 Mei. Vijana wake wa mchezo wa baseball walikuwa wameshinda mpaka wakafika katika mashindano ya mwisho ya vyuo vidogo vya nchi nzima, yaliyochezwa katika jimbo la Ohio, na mchezo wao wa kwanza ukawa siku hiyo hiyo. Asubuhi chuo chao kilikuwapo, na kesho yake walicheza wakiwa na jina la chuo kifuani, na chuo chenyewe hakipo. Waliendelea hata tarehe 2 Juni, ndipo wakatolewa. Mpwa wangu aliniandikia habari hiyo wakati huo, akasema kwamba watu wa karakana, ambao huwagombania wachezaji kila juma, safari hiyo wote walikuwa upande mmoja.

Narudi kwa yule mama. Nilimwuliza ni nini kilichomwuma zaidi, nikidhani atasema mshahara. Alisema kwamba majuma ya mwisho alikaa ofisini peke yake na makabati ya hati za wanafunzi, tangu wale wa zamani ambao alama zao ziliandikwa kwa kalamu ya wino. Simu ililia mchana kutwa. Watu wazima, wengine wajukuu wanao, walipiga wakiuliza, "Nikitaka cheti changu baadaye, nimwombe nani?" Naye alikuwa na jibu, maana hati hupelekwa kutunzwa mahali pengine kwa sheria, lakini alisema kwamba hilo silo walilokuwa wakiliuliza. Kisha akaniambia neno ambalo sikulitegemea. "Chuoni kwetu," akasema, "tulikuwa na ubao kama huu. Mwaka wa mwisho habari za waliostaafu zilibandikwa kila mara, na za walioajiriwa hazikubandikwa hata moja. Walimu na wakuu walikuwa wakisoma hesabu za fedha, wakatumaini. Sisi wa chini tulisoma ubao, tukajua."

Baada ya siku ile nami nikausoma ubao wa Decorah kwa macho mengine. Fundi seremala amekwenda, lakini vijana wawili wameingia, nikafurahi. Mtu wa maktaba anakwenda. Nikangoja majuma mawili, na Jumatatu ya tatu jina la mwingine likabandikwa. Nalikuwa mgeni wa miezi mitatu, mtu wa nchi nyingine, na nalijikuta nahesabu kama mtu mwenye mali yake pale.

Dada yangu alipiga simu katikati ya Agosti, akataka jibu lake. Nikamweleza habari za mdudu na za mwaloni. Alinyamaza, kisha akauliza kama mtoto anakula vizuri. Nikasema anakula. Akauliza kama kazi ile ina pensheni. Nikasema ninayo karatasi, nimeisoma, inayo. "Basi," akasema, "mwambie asisahau kuoa," na simu ikakatika.

Mwisho wa Agosti wanafunzi wakarudi. Wa mwaka wa kwanza walitangulia, wazazi wao wakibeba masanduku, mito, na majokofu madogo, na mama zao wakijifanya hawalii. Sakafu zilizolindwa kiangazi chote zikakanyagwa kwa saa moja tu. Yule karani alikuwa amesimama mlangoni mwa bweni moja na orodha ya majina mkononi. Alikuwa amepewa kazi ya miaka miwili katika ofisi ya hati za wanafunzi, na tangazo lake lilikuwa limebandikwa Jumatatu iliyopita. Mpishi alikuwa amechora ua dogo kando yake kwa kalamu nyekundu. Kijana mmoja mrefu, jasho linamtoka, akaja mbele yake akajitaja jina. Mama yule akalitafuta, akatia alama, akampa ufunguo.

"Je, mama, wewe umekuwa hapa siku nyingi?" akauliza kijana.

"Tangu Juni," akajibu.

Kijana akaonekana kusikitika kidogo, maana alitaka mtu wa kumwuliza njia. Lakini alijaribu vivyo hivyo, akauliza chumba cha chakula ki wapi. Naye akatoka mlangoni, akamshika bega, akamgeuza uso kuelekea mialoni, akamwonyesha.